Karibu ya Mume Wangu

Mume wangu ana ugonjwa wa karibu. Mtu akipita barabarani, karibu. Mwuza mitumba akipita na furushi lake kichwani, karibu. Yule bwana anayekuja kutukatia maji ndiye anayekaribishwa kuliko wote, na kiti anafutiwa vumbi. Siku moja nilimwuliza, "Mume wangu, hata kuku wa jirani unamkaribisha?" Akanijibu kuku hana neno, kwa sababu akitoka hapa haendi kutusengenya. Mtaani wameshaacha kumwita fundi. Wanamwita Karibuni, na watoto wadogo wanadhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kazi yake ni makochi. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa sebule yetu, kwa hiyo nikiwa ndani nasikia kila nyundo na kila salamu. Analivua kochi la mtu kitambaa cha zamani, anatoa sponji iliyochoka, anakaza mikanda ya chini, analivisha upya. Misumari midogo anaiweka mdomoni, na mpita njia anakaribishwa hivyo hivyo, kwa jino lililobana msumari. Mimi huwa namwambia ipo siku atameza mmoja. Huwa anacheka.

Nyuma ya nyumba tuna kiwanja. Si cha kujivunia, lakini ni chetu, tulikinunua kwa kujinyima, na hatuna kingine duniani. Tulipanga kujenga vyumba vya kupangisha, kwa sababu mkono wake wa kulia umeanza kufa ganzi, na fundi makochi asiye na mkono ni sawa na mimi nisiye na mdomo. Hicho kiwanja ndicho kilichokuwa uzee wetu. Nataka mlishike hilo, maana mkisikia nilivyokuwa baadaye mtasema huyu mama ana roho mbaya.

Jioni watu walikuja pale kucheza mpira wa wavu. Nani aliwaita? Nani mwingine! Aliona vijana wanapigia mpira barabarani, akawaambia karibuni nyuma, kuna nafasi. Akawasukia na wavu kwa mikanda ya makochi, wavu mgumu kuliko wa dukani. Wakawa wanakuja kila jioni, makonda, mafundi simu, mwalimu mmoja mwenye kitambi. Sikuwa na ubaya nao. Kelele zao zilinifurahisha nikiwa naosha vyombo.

Sasa, kwenye kona ya kiwanja hicho kulikuwa na shimo. Tulimpa kazi mtu wa kuchimba shimo la choo, akachimba mpaka likamfunika kichwa, akakuta mwamba, akaaga anakwenda kuchukua nyundo kubwa. Mpaka leo hajarudi, sijui hiyo nyundo inatengenezwa wapi. Mume wangu akaliziba kwa mbao za fremu za makochi mabovu, juu akaweka bati, na juu ya bati akaweka kochi jekundu la mteja aliyelitelekeza. Tukasahau. Watazamaji wa mpira wakawa wanakaa kwenye lile kochi, wanakunja nne, wanatukana wachezaji. Hakuna mtu angeweza kutumbukia mahali ambapo watu wamekaa.

Basi mteja akarudi. Alikuwa amepata nyumba, akataka kochi lake, akaomba radhi, wakacheka, wakalibeba. Likabaki bati, majani yakaanza kulitambalia. Nikasema, "Mume wangu, na pale?" Akasema ataweka kitu. Mvua zikanyesha. Nikasema tena. Akasema, "Mama, mbona unanifukuza kama polisi? Nitaweka." Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa mume wangu, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine.

Mtu huyo ni kinyozi wa hapo njia panda, kijana mpole mwenye watoto wawili. Kila jioni akifunga kazi alipita mbele ya kibanda na mfuko wake wa mashine. Mume wangu: "Karibu!" Kinyozi: "Asante mzee, tuko pamoja." Anapita zake. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hakuna aliyemwona mwenzake ana makosa. Karibu ya kupita ni ya kupita. Ukimkuta mtu anakula akakwambia karibu, wewe unavuta kiti? Unasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linakuzomea.

Siku hiyo upande mmoja ulikuwa umepungukiwa mchezaji. Mume wangu akasema karibu yake. Kinyozi akasimama, akautazama wavu, akaning'iniza mfuko wake kibandani, akavua viatu. "Leo nimekaribia, mzee," akasema. Mume wangu alifurahi mpaka akaacha nyundo akaja nyuma kutazama.

Nilikuwa kwenye beseni la vyombo. Mpira ulikwenda juu sana. Kinyozi akarudi nyuma uso ukiwa mbinguni, mikono juu, anacheka, anapiga kelele, "Wangu! Wangu!" Halafu akawa hayupo. Nilisikia mbao zikikatika, kisha bati, kisha kimya, na kile kimya sitaki kukikumbuka. Ndipo akalia. Mume wangu aliingia mwenyewe shimoni na umri wake ule, akamfunga kwa mikanda ya makochi, wale vijana wakavuta. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia kusikogeukiwa. Tulimlaza kwenye sponji ya mteja, tukamkimbiza hospitali kwa gari la jirani, na njia nzima kinyozi alikuwa akiniambia mimi pole, mama, pole kwa usumbufu. Eti yeye ananiambia mimi!

Ni mfupa wa paja. Walimwekea chuma. Daktari akasema atatembea, lakini kusimama kutwa asahau kwanza. Sasa niambieni, kinyozi anayenyoa amekaa mlimwona wapi?

Tangu siku ile hofu ikahamia kwangu na mizigo yake yote. Nililifunga geti kwa kufuli. Wavu niliukata kwa kisu cha mkate na vijana nikawafukuza kama mbuzi, na walikuwa hawajanikosea kitu. Nikawa naona mashimo kila mahali. Mteja akikanyaga kizingiti cha kibanda nilipiga kelele, "Angalia!" mpaka mmoja akaangusha mto wake matopeni kwa kushtuka. Chai ilinitoka puani. Kila hodi nilijua ndiyo hiyo, wamekuja.

Na kweli alikuja. Dada yake kinyozi, mama mwenye mwili mkubwa aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, mpishi wa shule, mikono kama mchi. Alisimama nje ya geti. Mume wangu akafungua kufuli, akasema, "Karibu, mama."

"Karibu yako ndiyo imemvunja ndugu yangu mguu," akasema. "Hapa hapa nilipo panatosha."

Mume wangu alitikisika kama aliyepigwa kofi.

"Sikuja kugombana," yule dada akaendelea. "Mlikuja hospitali, mlileta matunda, nimeona. Lakini matunda hayasomeshi watoto. Mdogo wangu hawezi kusimama. Nyinyi mna kiwanja. Mlijua kuna shimo, mkawaacha watu wanachezea juu yake. Nimekwenda kwenye ofisi ya usuluhishi, mtaitwa. Msiposikia huko, tutakwenda mahakamani, na huko mimi sina haraka."

Akaondoka. Hakutukana, hakulia, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Mtu anayepiga kelele atachoka, yule hakuwa na dalili ya kuchoka.

Kuanzia hapo mume wangu akaacha kusema karibu. Mnaweza kucheka. Lakini nilikuwa ndani, nasikia mtu anapita, nasubiri, nasikia nyundo tu. Wateja wakaanza kuniuliza mlangoni, "Mzee anaumwa?" Mwuza mitumba alirudi mara mbili akapita tena polepole, akidhani hakuonekana.

Nikampigia simu mwanetu. Ni mwanangu mkubwa, anafanya kazi ofisi ya bima, na kazi yake hasa ni kutafuta kwa nini mtu asilipwe. Zamani nilikuwa nikiwaambia watu ni karani tu, naona haya. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa hiyo kazi. Alikuja na suti yake, akakaa sebuleni, akamsikiliza baba yake mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Baba," akasema, "swali la kwanza watakalokuuliza ni moja tu. Huyu mtu alialikwa, au alijiingiza? Mtu uliyemwita kwako mwenyewe, usalama wake ni juu yako. Aliyejiingiza, mzigo wako unapungua sana. Sasa wewe ulimwalika?"

"Nilimwambia karibu."

"Karibu si mwaliko! Baba, karibu ni salamu. Unamwambia mpaka mkata maji. Hata kinyozi mwenyewe alijua, ndiyo maana siku zote alikuwa anapita. Siku hiyo aliamua mwenyewe kuingia. Hilo ndilo utakalosema. Nilisema karibu kwa adabu, sikumwita."

Moyo wangu ulitua kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kweli jamani, si uongo! Nani asiyejua karibu ya adabu? Nikaichukua ile sentensi nikaifanya wimbo. Asubuhi nikimpa chai: "Utasema nini?" Mchana nikimpelekea chakula: "Utasema nini?" Naye anajibu kama mtoto wa shule, "Nilisema kwa adabu, sikumwita." Anajibu bila kuniangalia. Nilimwonea huruma, sikatai, lakini nilikihurumia zaidi kiwanja.

Ofisi ya usuluhishi ilikuwa chumba kidogo juu ya duka la rangi, harufu ya rangi inapanda kwenye ngazi. Meza moja, viti vya plastiki, feni inayolia kila ikigeuka. Msuluhishi ni mama wa makamo mwenye miwani, sauti ya chini. Kinyozi alikuja kwa magongo, na zile ngazi zilimchukua muda mpaka jasho likamtiririka. Dada yake alikuwa nyuma yake mikono wazi, tayari kumdaka. Nilipowaona niliangalia feni.

Msuluhishi akaanza na kinyozi. "Nani alikualika kwenye kile kiwanja?"

Kinyozi akafikiri. "Hakuna aliyenialika. Nilikaribishwa."

"Ni tofauti?"

"Mzee hukaribisha kila mtu. Na mimi kila siku nasema asante, napita. Siku hiyo nikaingia."

Mwanangu akainua mkono, kwa heshima kabisa. "Ndugu yangu, pole sana kwa yaliyokupata. Lakini hizo siku zote ulizopita, ulipita kwa sababu ulijua ile ni adabu tu. Si ndiyo?"

Dada yake alimkanyaga mguu ule mzima chini ya meza, niliona. Kinyozi akamtazama dada yake. Kisha akasema, "Ndiyo. Nilijua. Siwezi kudanganya."

Jamani. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kuzama ardhini, vyote pamoja. Kiwanja kilikuwa kimerudi, nilikiona na vyumba vyake, na mapazia nimeshatundika. Na yule kijana alikuwa ameshika magongo yake, ametoka kujinyima haki yake kwa mdomo wake mwenyewe kwa kuwa hajui kusema uongo.

Msuluhishi akavua miwani, akamgeukia mume wangu. "Mzee, nina swali moja. Ulipomwambia karibu siku ile, ulitaka aingie, au hukutaka?"

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Mwanangu akafungua mdomo, msuluhishi akamzuia kwa kiganja. Mimi nilimkazia macho mume wangu, midomo yangu ikimfundisha: kwa adabu, kwa adabu.

"Nilitaka," akasema.

"Baba," mwanangu akanong'ona.

"Niache, mwanangu. Nilitaka aingie, na nilitaka kila siku. Watu wananiita Karibuni kwa utani, na mimi nacheka. Lakini sijawahi kumwambia mtu karibu nikiwa nataka apite." Akamgeukia msuluhishi. "Na lile shimo nililijua. Mke wangu alinikumbusha zaidi ya mara moja, nikasema nitaweka kitu. Sikuweka."

"Mzee anajichanganya," mwanangu akasema. Alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, karibu ni neno la mdomoni tu, kila mtu anajua ni neno tu..."

"Ni neno tu?" Mume wangu akamwangalia. Hakukasirika. "Mama yako alikuwa anapita njia."

Jambo hili kwetu halisemwi. Si siri, ila halijapata kazi ya kusemwa. Mimi nilifukuzwa na mtu, nina mtoto mgongoni, nikawa natembea tu sina niendako. Nikapita mbele ya kibanda, fundi nisiyemjua akasema karibu. Nilikuwa nimechoka, nikaingia, nikakaa kwenye kochi la mteja, nikanyonyesha. Sikutoka tena. Mtoto yule ndiye huyu wa suti. Analijua, tulimwambia alipopata akili, akasema sawa, na hatukurudi huko tena.

"Nilimkaribisha akiwa na wewe mgongoni," mume wangu akasema. "Kama ile ilikuwa ya adabu, basi wewe ni nani kwangu? Mpita njia?"

Feni ikalia ikageuka. Mwanangu alikaa chini taratibu, akaangalia mikono yake. Mimi nililia pale pale bila aibu, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nikijiuliza, na sikuthubutu kumwuliza, kama siku ile alitaka kweli niingie au neno lilimponyoka tu.

Tulikubaliana siku hiyo hiyo. Nusu ya nyuma ya kiwanja ikauzwa, fedha zote zikaenda kwenye matibabu ya kinyozi na kumtunza yeye na watoto wake mpaka aweze kusimama kazini. Nusu ya nyuma ndiyo iliyokuwa ya vyumba. Msinitazame hivyo, nilikasirika! Nilikasirika nikarudi nyumbani nikapika nusu chumvi. Nilimwambia mume wangu, "Umetuuza," naye akasema, "Ndiyo, mama, nimetuuza," na ukigombana na mtu anayekubali utagombana mpaka lini? Mnunuzi alijenga ukuta. Kila nikitoka nje na beseni langu, ninautazama ule ukuta na roho inaniuma.

Lakini kilichonikosesha usingizi kilikuwa kingine. Pale kwenye ofisi mwanangu alishuka ngazi peke yake, akaenda zake bila kutuaga. Simu hakupiga. Nikipiga mimi, hapokei. Mkewe anasema yuko kazini, yuko bafuni, ametoka. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Nikasema basi, kiwanja kimekwenda na mtoto amekwenda nacho, na kwa neno gani? Mume wangu nilimwona akiacha nyundo kila gari liliposimama nje.

Jumapili moja mchana tulikuwa sebuleni tunakula. Geti likalia kidogo, kisha tukasikia sauti mlangoni, ya chini, ya mtu asiyejua kama anatakiwa.

"Hodi."

Niliijua sauti kabla ya kugeuka. Mwanangu alikuwa amesimama nje ya kizingiti, bila suti, mikono imekosa pa kukaa. Tangu ajue kutembea, mtoto huyu hajawahi kubisha hodi nyumbani. Huwa anaingia anafunua sufuria kwanza, salamu baadaye. Nikaweka tonge chini. Nikamwangalia mume wangu, naye anamtazama, anamtazama, mpaka nikaogopa.

"Unabisha hodi?" mume wangu akasema, na midomo ilikuwa inamcheza. "Nani alikwambia kwenu watu wanabisha hodi?"